Kisanduku cha Majani na Unga wa Kariandusi

Nakumbuka siku ile vizuri, mwanangu, na hata leo ikinijia nachoka kabisa. Ilikuwa miaka ya hamsini. Mimi nilikuwa yaya katika nyumba ya mzungu huko Milimani, na dada yangu mkubwa, Nyambura, alisafisha vyombo. Tulikaa chumba cha nyuma pamoja na mama yetu mgonjwa. Mmoja akifukuzwa, wote tunatoka.

Sebuleni kulikuwa na kisanduku cha fedha cha kuwekea majani ya chai, kutoka Uingereza. Kilikuwa na kufuli, maana memsahibu aliogopa chai yake itaibwa, na pande zote maua na ndege waliotokeza. Mbele palichorwa mistari myembamba. Mpishi, Mzee Barasa, alimwambia Nyambura akifute kwa kitambaa laini, basi.

Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu sufuria nyeusi ni aibu, na Nyambura alikuwa na bidii ya kukera. Mjomba alituletea ule unga mweupe wa mawe ya Kariandusi, tuliokuwa tukisugulia sufuria. Basi akakisugua kisanduku kwa unga huo kila asubuhi. Hakujua kusoma, ile mistari aliidhani mikwaruzo ya kisu, akaogopa tutasingiziwa. Nilimsihi aulize. Akanijibu kwamba uchafu hauombewi ruhusa.

Siku moja bwana alikichukua awaonyeshe wageni. Akakigeuza, akakigeuza tena.

"Nyambura, jina ya nyanya yangu iko wapi?"

Hapo ndipo angesema pole.

"Bwana, ile alama nimetoa yote."

Tena kwa fahari, mwanangu. Bwana hakupiga kelele. Alisema tu kwamba angeulizwa, angejibu. Kesho yake tulikuwa barabarani tumemshika mama mkono huku na huku, na Nyambura bado analalamika mbona hawakumwambia ni jina.

Nayasema haya kwa sababu nawaona ninyi pia mkiingia kwa watu, mikono imetangulia maswali. Bidii ni njema, lakini kuuliza si ujinga. Usichokielewa usikisugue, huenda ni jina la nyanya ya mtu. Mungu akupe mikono yenye nguvu, mwanangu, na akupe subira ya kuuliza kabla hujaitumia.