Kipande Kisichopaswa Kufagiliwa

Kazi yangu ya kwanza ilianza Jumatatu ya pili ya Januari, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Nina uhakika na dakika kwa sababu Nyapara wa shamba, Mzee Bura, aliitazama saa yake, akazitazama gambuti zangu za kuazima, akasema, "Saa moja ni saa moja, binti. Hizo ishirini umeziacha wapi?"

Nilikuwa nimeziacha getini, naogopa kuingia. Sikumwambia.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, na mwezi ujao nakwenda kidato cha tano. Katikati hapo nimefanya kazi miezi mitano na nusu kwenye shamba la kahawa huku Oldeani, na sasa nimelikabidhi daftari la hesabu. Daktari ameniomba nikuandikie wewe unayelipokea jinsi kazi ilivyokwenda, ili usianze kwa kubahatisha. Kwa mdomo nisingeweza. Mbele ya watu watatu mimi nasahau hata jina langu.

Kwanza ujue nani ni nani. Watafiti wa chuo kikuu na kampuni yenye shamba walikuwa wameandikiana makubaliano: shamba litoe mibuni na watu, chuo kitoe vifaa na ujuzi. Upande wa chuo mkubwa wetu alikuwa Daktari, mama mmoja mfupi anayetembea haraka, ambaye si daktari wa watu bali wa wadudu. Upande wa shamba alikuwepo Meneja, na chini yake Nyapara. Mimi nilikuwa Mhesabuji. Cheo hicho hakikuwa kwenye karatasi yoyote, Mzee Bura ndiye aliyenipa.

Tulichokuwa tunapambana nacho kinaitwa ruhuka. Ni mbawakavu mweusi asiyefika ukubwa wa punje ya ulezi. Jike hutoboa tundu kwenye kitovu cha tunda la kahawa, akaingia, akataga humo humo, na watoto wake wakala punje kutoka ndani. Mavuno yakiisha, ruhuka hubaki kwenye matunda yaliyoanguka chini ya miti. Mvua zikinyesha hutoka na kuruka kutafuta matunda mapya. Hapo ndipo Daktari alitaka kuwanasa.

Mtego wenyewe ni chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa dirisha ubavuni na kupakwa rangi nyekundu. Ndani inaning'inia kichupa cha spiriti, na chini kuna maji ya sabuni. Ruhuka hufuata harufu ya spiriti, akajikuta kwenye sabuni. Siku nilipouonyesha kwa mama mdogo wangu Paskalina, ambaye ni kibarua wa palizi na uchumaji hapo hapo shambani, alicheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe hata wadudu wana walevi wao! Na hawa wake zao wanawatafuta wapi?"

"Hao ndio wake zao, mama mdogo. Wanaoruka ni majike tu."

"Basi dunia imekwisha," akasema.

Daktari alichagua vipande viwili vya shamba vinavyofanana. Kimoja akakitundikia mitego. Cha pili akakizungushia utepe, akakiacha hivi hivi, bila mtego wala dawa wala kuokota matunda yaliyoanguka. Hicho kinaitwa kipande cha kulinganishia. Nilimuuliza, kwa kumwandikia pembeni mwa karatasi, kwa nini tunajali mahali ambapo hatufanyi kitu. Akanijibu kwa mdomo, polepole: "Ukitaka kujua kama uji umeongezwa sukari, onja kwanza usiotiwa. Kile ndicho kikombe chetu kisichotiwa." Siku nzima nililifikiria jibu hilo. Sikuwahi kujua kwamba kuacha kitu kama kilivyo nako ni kazi.

Kazi yangu ilikuwa kukagua matawi kwenye vipande vyote viwili kila Ijumaa na kujaza safu nne: namba ya mti, matunda yaliyokaguliwa, yenye tundu, na maoni. Ijumaa yenyewe mwanafunzi wa Daktari alikuwa akizipiga picha kurasa na kwenda kuziingiza kwenye kompyuta.

Kilichonishangaza kuliko ruhuka ni jinsi pande mbili zinavyoweza kushirikiana bila kuongea lugha moja. Shamba linapima kahawa kwa debe, Daktari anapima kwa gramu. Shamba linataka jibu kabla ya mavuno, chuo kinataka misimu mitatu.

"Daktari, mdudu hasubiri tasnifu," Meneja alimwambia siku moja pale kwenye mitambo ya kumenyea kahawa.

"Na jibu la haraka, Meneja, litakutafuna kuliko mdudu."

Meneja akasema basi tuonane mwezi wa tano. Tofauti ikionekana, mitego itaongezwa. Isipoonekana, makubaliano yafe na shamba lote lipuliziwe dawa kama zamani. Mama mdogo alikuwa anasikiliza huku anachambua kahawa. Miaka ya dawa, yeye na wenzake walikuwa wakirudishwa kwenye mistari kabla majani hayajakauka, na mikono yake ilikuwa ikibabuka kila msimu. Aliniangalia tu, na nikajua anaitegemea mitego kuliko hata Daktari.

Sasa nifike kwenye kosa.

Ijumaa moja ya mwezi wa tatu wanunuzi kutoka Ulaya walikuwa wanakuja kutembelea shamba. Nilifika mistarini saa mbili na kuwakuta kina mama ndani ya kipande cha kulinganishia. Utepe umesogezwa vizuri pembeni, wameinama, wanaokota matunda yote yaliyoanguka, wanafagia majani. Kile chenye mitego hawakukigusa. Kilikuwa na chupa, kilionekana kina mwenyewe, na chupa nyekundu walidhani zina sumu. Kile kingine, kisicho na kitu, kilionekana kimetelekezwa. Na kwetu mgeni hakuti uwanja mchafu. Hata msibani watu hufagia kwanza.

Nilisimama pale. Nilijua pale hapafagiliwi.

"Resti mwanangu, mbona unatukodolea macho?" Mama mdogo akaniita. "Shika ndoo, mvua hiyo inakuja."

Nikashika ndoo.

Tulikuwa tumebakiza mistari mitatu ya chini, karibu na korongo, mvua ilipotukimbiza. Nikiwa chini ya bati la stoo, nilifungua daftari na kuandika kwenye safu ya maoni, kwa herufi ndogo sana: "Chini ya miti pamefagiliwa, isipokuwa mistari mitatu ya mwisho. Mvua." Sikuandika nani kafagia. Nilijiambia Daktari ataisoma. Wiki zikapita, hakuna aliyeuliza, nami nikaona labda si jambo kubwa.

Kikao cha mwezi wa tano kilifanyika kwenye banda la kuanikia, kati ya meza za kahawa. Kina mama walikuwepo, wanageuza kahawa kidogo iliyotangulia kuiva, huku masikio yako kwetu. Mwanafunzi wa Daktari akasoma matokeo: matunda yenye tundu yalikuwa karibu sawasawa kwenye vipande vyote viwili. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba namba zitabadilika.

"Basi tumejaribu," Meneja akasema. Hakuwa amefurahi, lazima niseme ukweli. "Wiki ijayo tunapulizia."

Nilimwona mama mdogo ameacha kugeuza kahawa. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya meza, na mwaka huu haikuwa na kidonda hata kimoja.

Nililifungua daftari kwenye ukurasa ule, nikatembea hatua kama tano, nikaliweka mbele ya Daktari na kidole changu juu ya safu ya maoni.

Daktari akasoma. Akamgeukia mwanafunzi wake. "Hii umeiingiza?"

"Nimeingiza namba, Daktari. Maoni hayana mahali kwenye kompyuta."

Meneja akalivuta daftari. "Nani alifagia? Nauliza, nani aliingia ndani ya utepe?"

Nilifungua mdomo, na kabla hakijatoka kitu mama mdogo akajibu kutoka kule kwenye meza, "Ni sisi. Tulikuwa sita. Nyapara alisema wageni wasikute uchafu."

Mzee Bura akavua kofia. "Nilisema. Na wewe Meneja uliniambia, 'Kila mahali, Mzee Bura, kila mahali.' Nami sijui mahali pasipoitwa mahali."

Mama mmoja akashindwa kujizuia, akacheka puani. Meneja akajikuna shingo. "Ni kweli nilisema."

"Kosa ni langu," Daktari akasema. "Niliwaeleza ninyi wa ofisini. Wenye mafagio sikuwaeleza." Tayari alikuwa anatafuta hesabu za miti ya mistari ile mitatu. Akazisoma kwa sauti, moja moja. Kule ambako hatukufika, matundu yalikuwa mengi kuliko mahali pengine popote, mara tatu hivi ya kwenye mitego.

"Kwa hiyo mitego inafanya kazi," Meneja akasema.

"Sijasema hivyo. Mistari mitatu si ushahidi, na iko karibu na korongo, penye unyevu wake. Ni sababu ya kurudia. Na kuna jingine: mafagio ya kina mama hawa yanaelekea kufanya kazi sawa na chupa zangu. Hilo nalo nataka kulipima."

Meneja akatoa msimu mmoja zaidi, bila dawa kwenye vipande vyetu na mistari inayovizunguka. Kina mama wakarudi kwenye kahawa, na mama mdogo akaanza kuimba taratibu.

Niliyojifunza si mengi. Hesabu kwa utulivu. Badilisha spiriti kabla haijakauka. Waulize wanaoinama shambani kabla ya wanaokaa ofisini, kwa sababu anayeinama huona mengi. Safu ya maoni ijaze, na ukishaijaza mfuate mtu umwambie, hata ukitetemeka. Mimi nilinyamaza wiki nyingi, na kunyamaza huko kulikaribia kuibabua tena mikono ya watu.

Lakini kikao kilipokwisha nilirudi nyumbani na kitu kimoja kimenikwama. Mama mdogo alisema walikuwa sita. Jioni nilipomsaidia kuchambua mboga nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Sita wanatosha kugombezwa."

Asubuhi iliyofuata nilifika getini saa moja kamili. Mzee Bura alitazama saa yake, akanifungulia geti. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nikafungua ukurasa ule wa mwezi wa tatu, na chini ya maneno yangu madogo nikaandika kwa herufi kubwa: "Waliofagia walikuwa saba. Wa saba ni mimi, Restituta." Nikampelekea Daktari, nikasubiri mpaka amemaliza kusoma, kisha nikaingia mistarini kuhesabu.