Mume Wangu Anaishia Wapi

Fundi cherehani alikuwa anapachika kola za sare za shule siku mwandishi alipomletea kitabu. Bwana huyo ndiye aliyewahi kuja kuuliza habari za moto wa kiwanda cha nguo, ule uliomwacha fundi mjane na kitoto mgongoni. Kwenye jalada pameandikwa: riwaya ya kihistoria.

"Historia?" fundi akauliza, pini zimo mdomoni. "Shati la mume wangu bado liko msumarini pale. Kwangu mimi ni jana, kaka."

Mwandishi akainamisha kichwa. "Moto ni wa kweli, dada. Lango kufungwa kwa nje, kweli. Ila maneno ya watu na mambo yao madogomadogo nimejazia mwenyewe. La sivyo ingekuwa ripoti."

"Sasa mwanangu atajuaje mume wangu anaishia wapi, na wewe unaanzia wapi?"

Bwana yule akamaliza maji yake, akaaga.

Binti wa fundi, aliyemjua baba yake kwa picha tu, akawa halali bila kitabu kile. Jioni moja akasogeza kigoda kwenye cherehani. "Mama, shika chaki yako ya kukatia. Nasoma, na palipo kweli unapiga mstari pembeni."

Wakaanza. Kofia ya baba, mstari. Mwendo wake wa haraka, mstari. Baba akiimba kwa sauti tamu...

"Baba yako?" Fundi akashika mbavu. "Akiimba, jirani anafunga dirisha!"

Wakacheka mpaka machozi. Kisha binti akafungua ukurasa alioukunja pembe, akausoma polepole: asubuhi ile baba alimbeba mtoto mpaka langoni, akambusu kwenye paji la uso, akamwambia atakuwa mtu mkubwa.

"Hapo piga, mama."

Chaki ikabaki hewani. Angepiga tu, nani angejua?

"Ulikuwa umelala, mwanangu. Nilitaka nikuamshe umuage. Akasema, mwache, kakesha akiota meno. Akakufunika vizuri, akatoka ananyata, viatu mkononi."

Binti akashusha kitabu mapajani.

"Alinifunika?"

"Alikufunika."

"Mbona humu haimo?"

"Hilo mwandishi hakuniuliza."

Binti akaichukua chaki mwenyewe, akapitisha macho mstari kwa mstari, akitafuta palipoandikwa kwamba alifunikwa, apapigie mstari. Hakupaona.