Ushuhuda wa Injini ya Dizeli

Miaka ya tisini, gari letu kuukuu lenye vitanda na jiko liliishiwa dizeli mbele ya kanisa letu, Molenbeek, huku ughaibuni. Nikajaza tangi, bado likakataa kuwaka. Mchungaji akaweka mkono juu ya injini, kwaya ikaimba, na mimi, mhandisi mwenye diploma, nikakaa kwenye usukani na imani yangu. Mke wangu, aliyekulia katika gereji ya baba yake Lubumbashi, akainama huku akiimba, akalegeza skrubu ya filta, akapiga pampu ya mkono mpaka hewa yote iliyoingia kwenye mipira ya dizeli ikatoka na mapovu yakaisha. Akakaza skrubu, akaniambia:

“Bon, papa, washa sasa.”

Injini ikanguruma. Kanisa zima likapiga aleluya.

Jumapili iliyofuata niliitwa kutoa ushuhuda. Nilishuhudia dakika kumi nzima. Kuhusu mke wangu nilisema anaimba vizuri.