Usukani Unaotikisika

Nilibana usukani kwenye meza ya kulia, pale kwetu Nyalukemba, nikauunganisha na kompyuta. Ni wa mchezo wa kuendesha gari, una mota ndani: gari likitoka barabarani, unakutikisa mikono. Mdogo wangu alitaka tupunguze nguvu, ati unaumiza. Nani alimwambia gari ni starehe? Nilipandisha mpaka meza ikalia. Hivyo ndivyo lori la Papa lilivyonitikisa kwenye barabara ya Katana, utotoni, nikiwa nimepakatwa, mikono yangu juu ya mikono yake.

Lakini barabara za mchezo ni lami tupu. Nikawa nakwepa mashimo yasiyokuwepo, naingia majanini, mdogo wangu akinicheka.

Maman akatoka jikoni, akaketi mahali pangu. Kabla ya kuondoa gari akafanya ishara ya msalaba, kama Papa alivyofanya kila asubuhi, mpaka tulipomzika kulekule Katana. Akaendesha kidogo, taratibu.

“Mashimo iko wapi?”

“Haiko, maman.”

Akaachia usukani.

“Basi hii barabara haiende Katana.”