Riwaya Chini ya Kawa

Niseme mapema, ili anayetaka kununa anune sasa: mimi sikuwa mtoto mwenye adabu. Adabu ya shikamoo na abee nilikuwa nayo, hiyo Kisauni ilikuwa lazima, na asiyeijua alifunzwa kwa fimbo. Lakini adabu ya kunyamaza mbele ya jambo baya sikupewa, wala sikuiomba.

Darasani kwetu tulikuwa na sanduku la riwaya. Mwalimu wetu, mwanamke kijana aliyetoka bara na kuvaa viatu vya ngozi hata kwenye mchanga, alikuwa na kanuni yake. Kila kitabu kilibandikwa karatasi ndani ya jalada la nyuma. Ukimaliza kusoma, unamwandikia atakayekichukua baada yako: kinafaa au hakifai, na kwa nini. Tulikatazwa kitu kimoja tu, kueleza mwisho wake. Wenzangu waliandika "kitabu hiki ni kizuri sana, kina mafunzo mengi," maneno ya kumfurahisha mwalimu. Mimi niliandika ninavyosema. "Kurasa kumi za mwanzo zinachosha, vumilia." "Huyu mume ni mjinga, utamchukia, hata mimi nilimchukia." Na nilichokipenda kwelikweli nilikimalizia hivi: "Kisome, au usinisalimie." Ikafika hadi watoto hawachagui kitabu mpaka wafunue nyuma kwanza, waone kama nimewatishia.

Rafiki yangu wa chanda na pete alikaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Tulisoma kitabu kimoja kwa zamu, kisha tukagombana juu yake njia nzima ya kwenda shule. Mwaka ule wa uhuru ulipoanza akavunja ungo, na mama yake akamtoa shule akamweka ndani, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba zetu, akae akingoja posa. Nilikwenda kumwona nikiwa na riwaya mkononi. Nikarudishwa mlangoni.

"Vitabu ndivyo vinavyowapanda vichwani," mama yake aliniambia. "Mwenzio sasa ni mwari, ana mengine ya kujifunza."

Nililia mpaka nyumbani, na wala si kwa huzuni. Kwa hasira. Nikamwambia baba kwamba rafiki yangu kaonewa. Baba alikuwa fundi wa kushona kanzu, na siku hizo kila alasiri alikuwa mikutanoni. Neno uhuru halimtoki mdomoni. Alisimamisha cherehani akanitazama juu ya miwani.

"Na wewe nikisikia neno moja juu yako, moja tu, utakaa ndani vile vile. Huo mtihani utaufanyia jikoni."

Mtihani wenyewe ulikuwa ule wa mwisho wa mwaka, wa kuingia sekondari. Nilikuwa nautaka kuliko chakula. Baba alilijua hilo, ndiyo maana akanipiga hapo.

Ramadhani ikaingia. Kwetu mwezi huo hakuna nyumba inayokula futari yake peke yake. Kabla ya magharibi sahani zinapita mlango hadi mlango, zimewekwa juu ya sinia na kufunikwa kawa la ukindu, na sahani ya mtu hairudishwi tupu. Kesho au keshokutwa inarudi na chakula cha upande wa pili. Mpelekaji wa nyumba yetu nilikuwa mimi. Na mpokeaji wa nyumba ya rafiki yangu, kwa kuwa mwari hukaa jikoni, alikuwa yeye mwenyewe.

Unaona ninakokwenda. Nikifika nyuma ya choo cha uani nilikuwa nainua sahani ya mihogo, nalaza riwaya juu ya sinia, natandika kitambaa, sahani narudisha juu, kawa nafunika. Mama yake alikuwa akinishukuru kwa mkono wangu mwepesi! Siku mbili tatu baadaye sinia lilirudi na kaimati, na kitabu chini yake, na kwenye karatasi ya nyuma mwandiko wa rafiki yangu: "Nimekisoma huku nikikoroga uji. Uji umeungua. Si kosa langu, ni la huyu mwandishi."

Kitabu cha tatu ndicho kilichotuponza. Kilikuwa hadithi ya msichana yatima aliyemshitaki ami yake kwa kadhi, kwa sababu ami alikuwa amekalia shamba la minazi aliloachiwa yeye na babake. Ami mzima na kilemba chake, akishitakiwa na kitoto! Nilikisoma mara mbili mfululizo. Nyuma nikaandika: "Msichana huyu hamwogopi ami yake wala watu wazima wengine wowote. Mama yako akikuuliza unasoma nini, ingia nacho chooni ufunge mlango. Kisome, au usinisalimie."

Siku hiyo mama alipakua sahani mbili, moja ya nyumba ya rafiki yangu, ya pili ya mwalimu wetu wa chuo, aliyetufundisha Kurani. Makawa yote mawili aliyasuka mama kwa mkono wake, yote yana mstari mwekundu. Sinia moja nikalijitwika, jingine nikalishika. Kwa mwalimu nikakabidhi nililolishika, nikapita zangu. Rafiki yangu alipoinua kawa langu la kichwani, akainua na sahani, chini yake palikuwa na bati tupu. Tukatazamana.

Nilitoka mbio kama mwizi. Adhana ya magharibi ikanikuta katikati ya njia. Sasa utawaendea watu wanaofungua saumu, uwaambie nipeni sahani yangu, nimekosea? Hata mimi na ujeuri wangu sikuweza.

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, baba akaniita.

"Ndoo hapa."

"Abee, baba."

Mwalimu wa chuo alikuwa ameshakuja na kuondoka. Riwaya ilikuwa juu ya cherehani, imefunuliwa nyuma. Baba akaisoma karatasi kwa sauti, neno baada ya neno. Alipofika pale pa kufunga mlango wa choo, mama jikoni akacheka, kisha akajitia kukohoa.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Umemwandikia nani?"

Kama ningemtaja rafiki yangu, wangemfungia hata dirisha. "Nimemwandikia yeyote atakayesoma," nikasema. "Hata wewe, baba, ukipenda."

"Shule basi. Leo ndiyo mwisho."

"Huo uhuru mnaoutaka mikutanoni ni wa nini, basi?"

Kofi lilinifika kabla sijafunga mdomo. Lakini nilikuwa nimeshasema, na wallahi sijawahi kulijutia neno lile.

Msichana niliyekaa naye dawati moja alikuwa Mkristo, babake mtu wa bara aliyefanya kazi bandarini. Baba alimwita alipokuwa akipita, akampa kitabu akirudishe, na ujumbe kwamba sitaonekana tena. Mimi nikawekwa ndani. Idi ikaja, ikapita. Niliwasikia wenzangu wakipita asubuhi wakigombana njiani, na nikauma mto.

Wiki ya pili baada ya Idi ukabishwa mlango. Alikuwa mama yake yule wa dawati moja, mara yake ya kwanza kufika kwetu, amebeba sahani ya mahindi na maharagwe juu ya sinia. Kawa hakuwa nalo. Alifunika kwa kifuniko cha sufuria. Mama akapokea, akashukuru, akaniletea nipakue. Nikainua sahani. Chini yake palikuwa na riwaya yangu ya minazi. Nikafunua nyuma. Chini ya maneno yangu palikuwa pameandikwa kwa miandiko mbalimbali, mingine nikiitambua, mpaka karatasi ikajaa na kubandikwa nyingine. Mstari wa mwisho ulisema: "Tumekisoma darasa zima. Sasa tunakusalimu."

Nililia siku hiyo pia, na siku hiyo haikuwa hasira.

Baada ya hapo sahani zikaja mfululizo. Nyumba zilizokuwa hazitupi hata pilipili zikatuletea mikate ya mofa. Ilikuwa si Ramadhani wala hakuna msiba.

"Hawa watu wamepatwa na nini?" baba akauliza. "Na hawa wa bara wameanza lini?"

Siku moja baba, kwa njaa, akainua kawa mwenyewe, akainua na sahani. Akakishika kitabu kwa vidole viwili akamwonyesha mama.

"Sahani hizi zisiingie tena nyumbani mwangu."

Mama yangu hakuwa mtu wa kujibu. Miaka yote ile sikumsikia akimpandishia baba sauti, na hata siku hiyo hakupandisha. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, akaendelea kukuna.

"Mtoto umemtoa shule, sikusema kitu. Sahani ya jirani siikatai. Ukitaka ikataliwe, kesho usiende mkutanoni, simama mlangoni wewe, uwaambie watu kwamba nyumba hii haipokei chakula."

Mwanamume gani wa Kisauni angesimama mlangoni kusema neno hilo? Baba akakirudisha kitabu chini ya sahani, akavaa kofia, akatoka.

Mama akaniita. "Leta kile cha msichana na ami yake. Kaa hapa. Soma, nisikie."

Hakujua kusoma. Nikamsomea pale jikoni siku tisa, sura moja kwa siku, yeye akikuna au akipepeta mchele. Kila sura ikiisha aliniuliza kama msichana alilipata shamba lake, nami nikamkatalia, hairuhusiwi kusema mwisho. Alinitukana vizuri sana. Nilikuwa nimesahau, kwa utoto, kwamba mama mwenyewe ana minazi kule Junda aliyoachiwa na babu, na kwamba ndugu zake walikuwa "wakimtunzia" tangu sijazaliwa.

Siku ya tisa, tulipomaliza, aliweka kando ungo wa mchele. Alinawa mikono. Akaniambia nichukue kalamu, niandike yake pia kwenye karatasi ya nyuma, na nisibadilishe hata neno.

"Mimi ni mama yake. Sijui kusoma, nimesomewa. Kinamhusu kila mwanamke aliyenyamaza. Kisomeni."

Jumatatu iliyofuata alivaa buibui akaenda kwa kadhi, peke yake. Ilimchukua miezi, na kaka zake walimwita majina nisiyoweza kuyaandika hapa. Mwaka ule mtihani ulifanywa bila mimi, na hilo sijamsamehe baba, Mungu amrehemu. Rafiki yangu aliolewa ng'ambo ya pili, Likoni, na sahani zetu hazikuwahi kuvuka feri. Hilo nalo sijalisamehe, ila sijui nimdai nani.

Lakini Januari, bendera mpya ikiwa bado haijapauka, mama aliniamsha, akanipa sare iliyopigwa pasi. Baba alikuwa kwenye cherehani yake. Akatuona tunatoka.

"Mnakwenda wapi?"

"Shule," mama akasema. "Atarudia darasa."

"Kwa ruhusa ya nani? Na ada nani atalipa?"

Mama akanisukuma nitangulie mlangoni, akajifunga buibui vizuri.

"Minazi yangu," akasema.

Sikugeuka kumtazama baba. Nilisikia tu cherehani imesimama, na ilikuwa haijaanza tena tulipofika barabarani.