Kinu Kisicholia

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Wakati wa Wabelgiji, pale Kasongo, mume wangu alikuwa mpishi wa Mwitaliano mmoja aliyenunua mpunga na pamba za watu; madamu, mke wa huyo Mwitaliano, ndiye aliyempangia vyakula vya kupika. Mpishi wa wazungu hurudi jioni na harufu za nyumba nyingine kwenye shati lake, na kazi ya mkewe ni kuzinusa. Tena tangu apone homa ya masika alikuwa ananisifia sombe yangu, yale majani ya muhogo, kila jioni bila kukosa. Sifa nyingi hivyo nazo nilizishuku.

Siku moja, kiangazi kimeanza, alirudi na fungu la majani mabichi ndani ya kitambaa. Akapita moja kwa moja jikoni, akachukua kinu changu. Kwetu mwanamume hashiki mchi. Atachinja mbuzi, atachoma samaki, atapika hata wali kwa mzungu kwa kuwa hiyo ni kazi ya mshahara, lakini kinu cha nyumbani ni cha mwanamke. Nilisimama uani nikangoja kishindo, maana kinu kikilia mtaa mzima unajua leo kwa fulani kunaliwa nini. Sikusikia kitu. Nikasukuma mlango aliourudishia, nikamkuta anauzungusha mchi polepole, anayabana majani kwenye ukuta wa kinu.

"Unafanya nini, baba?"

"Chakula ya madamu. Inaitwa pesto. Hapana kupiga. Ukipiga, majani inakuwa nyeusi."

Nikachungulia. Majani yale yalikuwa ndugu wa kivumbasi, na kivumbasi sisi tulikijua: cha kufukuzia mbu, cha kumwogeshea mwenye mashetani. Nani anakila? Akatia kitunguu saumu, chumvi, mbegu za maboga tunazoziita mbika, kisha mafuta ya karanga. Alisema madamu ana mbegu zake za Ulaya na mafuta yake ya kopo, ila sisi tungetumia vyetu. Akaimwaga juu ya wali wangu, kijani kama utando wa kisimani.

Tonge la kwanza alikula yeye, ili kutoa uchawi, kama inavyompasa kila anayeandaa chakula. Hapo hakukosea. Kilichomharibia ni macho. Nilipotia tonge langu mdomoni aliacha kula, akanitazama mpaka nikameza.

"Iko namna gani?"

"Iko muzuri," nikasema.

"Muzuri namna gani? Chumvi imefika? Kitunguu inapita majani?"

Mume gani anauliza hivyo? Kesho yake akaleta tena, na siku zilizofuata pia. Kinu kimya, macho makali. Nikamweleza dada yangu, aliyeolewa mtaa uleule, naye hakunipunguzia kitu.

"Iyo njo dawa," akasema, yaani ndiyo dawa yenyewe. "Dawa ya kukufunga macho. Bwana yako iko na mwanamuke kule Kabambare, kule muzungu anamutuma. Anakulisha pole pole. Siku akimuleta, utamupokea na kumutandikia kitanda."

Nilicheka, lakini kicheko kikaishia njiani. Nilimpenda yule mwanamume. Nilimpenda hata sikuweza kuvumilia kumfikiria huyo wa Kabambare anatwanga kwenye kinu changu. Nikafunga nguo zangu ndani ya kitenge, nikazificha chini ya kitanda. Nikipata hakika tu, ningerudi kwa baba yangu, kule kijijini Lusangi.

Hakika niliitafuta kwa njia yangu. Jioni moja alipomaliza kusaga na kwenda kuoga, nilimwaga pesto yake nyuma ya nyumba. Nikasaga matembele mabichi na mafuta, bila kivumbasi, bila kitunguu, bila chembe ya chumvi, nikayatia kwenye bakuli lilelile. Nilijiambia kwamba mwenye dawa ataitambua dawa yake ikikosekana. Atashtuka, atauliza nani amegusa, nami nitakuwa nimemnasa.

Akaketi, akatia tonge mdomoni, akatafuna. Safari hii macho yalikuwa yangu.

"Leo harufu yake iko muzuri kupita," akasema. "Kitunguu inasikika."

Nikarudisha tonge langu kwenye sahani.

"Kitunguu gani? Iyi matembele tu. Mimi njo nilisaga. Hapana chumvi, hapana kitu. Ulitaka kunilisha nini?"

Akachovya kidole ndani ya bakuli, akalamba, akachovya tena. Kisha akajifunika uso kwa mikono ileile yenye mafuta, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Tangu ile homa," akasema, "sisikie tena kitu mu kinywa. Hapana chumvi, hapana sukari, hapana hata moshi. Madamu hajue. Akijua, atatafuta mupishi mwingine. Njo maana ninakuletea wewe kwanza. Kinywa yangu njo wewe."

Moyo wangu ukatua. Hapakuwa na dawa, hapakuwa na mwanamke wa Kabambare. Nilitaka kumshika mikono. Lakini mtu wa kushuku hana likizo. Nikaikumbuka sombe yangu. Nikamkumbuka samaki wa Lualaba niliyemhangaikia mchana kutwa, na huyu bwana akilamba vidole, akiniambia mkono wangu hauna mwenzake. Hasira iliyonipanda ilizidi ile ya Kabambare.

"Basi zile sifa zote, kila magaribi, ulikuwa unanidanganya?"

Akajifuta uso kwa shati lake.

"Hapana, bibi. Nilikuwa ninakumbuka."

Niliingia ndani, nikakifungua kile kitenge, nikarudisha nguo mahali pake. Kisha nikaenda jikoni, nikakiandaa kinu, nikamwambia alete majani yaliyobaki asage upya, nami nionje. Nikamwambia pia aurudishie mlango vizuri, maana dada yangu ana masikio.