Pua ya Afande wa Roulage

Huyu afande wa roulage, polisi wa barabarani, mashine ya kupima pombe hana, iko na pua tu! Kila aksida ya magari mu Bunia, ni yeye wanaita. Anatosha kepi ku kichwa, anaibana mu kwapa, anasogelea shofere karibu sana, asema: "Puliza, papa, kama vile unawasha makala ya jiko." Kisha anafunga macho, vidole vinakwaruza sharubu pole pole, na mashofere wanatetemeka kuliko mbele ya juge wa korti.

Leo ku muteremuko, kamio ya mizigo iligonga taxi, taxi ikasukuma motard na pikipiki yake, na motard akakufa. Mama yake, Mama Vahwere, iko anauliza paka neno moja tu: "Afande, nani alilewaka?" Afande anainama kwa shofere wa kamio: pombe. Kwa shofere wa taxi: pombe. Anarudilia mara ya pili, ya tatu: pombe, pombe! "Ni sisi, afande," wamama wa jirani wanasema, na roho yao yote nzuri. "Tuliwasafisha vidonda na pombe kali, tukawanywesha kidogo, sababu walikuwa wanatetemeka." Sharubu zinaacha kukwaruzwa. Afande anapiga magoti karibu ya motard, anafunua kitambaa, anafunga macho. Juu ya maiti, hakuna mutu alimwanga pombe.

"Huyu hakukunywa," anasema pole. "Hii tu ndiyo ninaweza kuandika mu ripoti."

Mama Vahwere anarudisha kitambaa. "Ile ya mutoto yangu nilijua, afande."